Konokono Aliyeitwa wa Uongo



Wengi wetu tunaokaa huku juu, toka Njombe hata Makambako, bahari twaijua kwa kusimuliwa. Chumvi yake hutufikia ndani ya mfuko, basi. Kwa hiyo msishangae sana mkiona mwalimu mzee, aliyemaliza kazi yake ya chaki, anawaletea habari za konokono wa baharini. Tulimwona kwa macho yetu mwezi wa Agosti mwaka 2023, tulipokwenda Dar es Salaam kumtazama binti yetu aliyekuwa amejifungua. Tangu siku hiyo ametusumbua moyoni kuliko mahubiri mengi tuliyopata kuyasikia, na padre wetu atusamehe kwa kusema hivyo.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mpwa wetu, ambaye hufundisha biolojia katika shule ya sekondari, alituchukua mpaka kwenye miamba ya Oysterbay. Miamba ile ni ya matumbawe ya kale, ina ncha kali, na mtu aliyezoea udongo mwekundu wa Njombe hutembea juu yake kama mtoto anayejifunza kusimama. Mpwa wetu aliinama akatuonyesha vidude viwili vimeganda kwenye jiwe, kila kimoja kipana kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Kombe la vidude hivi halikujipinda kama la konokono wa bustanini. Lilisimama kama paa la nyumba ya msonge, na mistari imeshuka toka kileleni pande zote mfano wa fito. Watu wa pwani wangelifananisha na kawa, kile kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula.

"Mjomba," akatuuliza, "hawa wawili wanatofautianaje?"

Tulivaa miwani, tukatazama, tukasema ni ndugu wa tumbo moja. Akacheka. Mwalimu akichekwa na mwalimu mwenziwe aliye mdogo, hujifunza upesi.

Wa kwanza, akatueleza, ni yule ambaye Waingereza humwita limpeti. Huyu ni mnyama wa bahari kabisa, naye hupumua kwa matamvua, kama samaki. Wa pili, aliyefanana naye hata tukadanganyika, ni wa jamaa nyingine. Wataalamu humwita Sifonaria. Huyu ana pafu, naye hupumua hewa. Maji yakitoka, akabaki juu ya jiwe kavu, hufungua kitundu kidogo kilicho upande wake wa kulia akavuta hewa hii hii tunayovuta sisi. Kwa jamaa anawakaribia zaidi konokono wa nchi kavu, hata wale wanaotula kabichi huku kwetu wakati wa mvua, kuliko huyo jirani yake aliyeganda naye jiwe moja. Msomaji mwenye shaka na amchukue konokono wa bustanini, amweke juu ya jani na kumngojea atoke. Ataona upande wa kulia, chini ya ukingo wa kombe, kitundu kinachofumbuka na kufumba. Huo ndio mlango wa pumzi yake.

Tukauliza kama ishara ya tofauti hiyo yaonekana kwa nje. Yaonekana, akasema, kwa mtu anayejua mahali pa kutazama. Upande wa kulia wa kombe mistari huwa minene kidogo, na ukingo hutokeza nje kama mdomo wa birika. Ukiligeuza kombe tupu utaona ndani alama ya msuli yenye umbo la kwato ya farasi. Kwa limpeti, nafasi iliyo wazi ya kwato hiyo huelekea mbele, kwenye kichwa. Kwa mwenziwe huelekea kulia, mahali pa kupitishia hewa. Tuliligeuza moja lililokuwa tupu tukaiona, baada ya kutazama pale jiwe kwa muda wa nusu saa bila kuona kitu.

Liko jambo jingine alilotueleza ambalo mwanzoni tulilipita upesi, nalo ndilo lililotushika baadaye. Konokono huyu mwenye pafu anayo matamvua pia. Maji yanapomfunika hupumua kwa njia ya maji, na yanapotoka hupumua kwa njia ya hewa. Basi mtu akimwona wakati wa maji kujaa ataapa kwamba ni wa bahari, na mwingine akimwona wakati wa maji kupwa ataapa kwamba ni wa nchi kavu. Waweza kugombana hao wawili mpaka usiku, na hakuna kati yao aliyesema uongo.

Tulifundishwa mengine pia, kwamba hutambaa akila ukoga wa kijani uliomo juu ya mawe, kwamba wengi wa jamaa yake hurudi kila mmoja mahali pake pale pale jiweni, na ukingo wa kombe hukua ukifuata mabonde na vilima vya mahali hapo mpaka ukakaa sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Akisumbuliwa hutoa ute wenye ladha mbaya, na samaki wengi humwacha. Tungependa kuandika zaidi juu ya ute huo, lakini nafasi ya gazeti ni ndogo.

Tulichotaka kukifikia ni jina lake. Mwaka 1758 mtaalamu mkuu wa Sweden, Carl Linnaeus, ambaye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kuwapa wanyama majina mawili ya Kilatini, alimwandika mmoja wa jamaa hii katika fungu moja na limpeti. Aliliona kombe, na kombe lilikuwa sawa. Ilipita miaka 65 mpaka mwaka 1823, Mwingereza mmoja, Sowerby, alipowapa fungu lao wenyewe na kuwaita Sifonaria, kwa sababu ya ule mfereji wa upande wa kulia. Hata hivyo, katika maneno ya kawaida ya Waingereza, mpaka leo huitwa kwa jina ambalo maana yake ni limpeti wa uongo.

Wa uongo! Tuliporudi nyumbani kwa binti yetu tulikaa barazani tukiliwaza neno hilo. Amemdanganya nani? Hakuvaa ngozi ya mwenziwe wala hakujitangaza kuwa limpeti. Amekaa juu ya jiwe lake akipumua jinsi alivyoumbwa kupumua, na mawimbi hayo hayo yakipiga viumbe wawili yaweza kuwapa paa la namna moja. Sisi ndio tuliopita, tukatazama mara moja, tukampa jina lisilo lake. Tulipogundua kosa letu hatukusema kwamba macho yetu yalikosea. Tulisema kwamba yeye ndiye mwongo.

Hapo ndipo alipotujia mtoto mmoja wa mwaka 1988.

Wakati huo tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi upande wa Makambako. Jina la shule tunaliacha, maana walioko sasa hawana lawama. Wazee wetu watakumbuka jinsi reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ilivyoleta watu wa kila namna katika mji ule. Treni ikitoka Mlimba, kule bondeni penye joto, hupanda milima ikipita madaraja na mahandaki mpaka Makambako, ambapo ni zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyelala Mlimba bila shuka, akiamka Makambako mwezi wa Julai hutafuta makoti mawili. Baba wa mtoto huyu alikuwa kibarua wa reli, naye alihamia kutoka huko bondeni na jamaa yake. Mtoto aliingia kwetu darasa la tano. Alikuwa mwembamba wa kawaida, mrefu wa kawaida, mwenye kaptura ya kaki kama wenziwe arobaini na kitu.

Mnaujua mchakamchaka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala barabarani, watoto hukimbia wakiimba, na mwalimu wa zamu nyuma yao. Mtoto huyu alikuwa akisimama njiani. Alikuwa akiinama, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, asiseme neno. Tulipomuuliza ana nini alijibu, "Mwalimu, pumzi inaisha." Nasi tukamjibu kwamba pumzi ya kila mtu huisha akikimbia.

Tungemwachia pengine, lakini jioni tulimwona uwanjani akicheza mpira, jua likiwa bado kali, akikimbia huku na huku kama swala. Huo ukawa ushahidi wetu. Asubuhi hawezi, jioni aweza! Katika ofisi ya walimu jambo hili lilizungumzwa kwa kicheko. Akachapwa, akapewa ngwe ya kulima wakati wenzake wanapumzika, na katika ripoti ya mwisho wa muhula tukaandika kwamba ni mvivu na mwenye hila. Msomaji ataona kwamba tunasema "sisi." Ni desturi ya walimu wa zamani kuandika hivyo. Lakini fimbo ile ilishikwa na mkono mmoja, ripoti ile iliandikwa na mkono mmoja, na mkono huo ndio unaoandika hapa.

Ilikuwa pumu. Tulikuja kulijua hilo baada ya miaka mingi, na jinsi tulivyolijua tutaeleza. Siku hizi watu wengi wanafahamu kwamba hewa ya baridi na kavu, mtu akiivuta kwa nguvu anapokimbia, huweza kubana njia za pumzi za mwenye pumu, na kwamba moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha huzidisha. Usiku na alfajiri huwa vibaya zaidi. Jua likipanda aweza kuwa mzima kabisa, acheze na wenziwe, na hakuna aonaye kitu. Yaani yule wa asubuhi na yule wa jioni walikuwa mtoto mmoja, na wote wawili walikuwa wa kweli, kama konokono wetu wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa.

Sasa swali tunalowaletea ni hili: je, mtu ana hatia kwa jambo asilolijua?

Tukianza na upande wa kujitetea, upo, wala si mdogo. Mwalimu wa miaka ile alikuwa na watoto wengi na hakuwa daktari. Na watoto husingizia, tusidanganyane. Tulikuwa na kijana mmoja aliyechechemea mguu wa kulia wakati wa kwenda shambani, na wakati wa kurudi akachechemea wa kushoto. Mwalimu anayeamini kila kilio hatamaliza hata ngwe moja. Mzee mmoja wa kanisa, tuliyemsimulia habari hii, alituambia wazi kwamba tunajitesa bure, kwa kuwa mtu huhukumu kwa anachokiona, na Mungu peke yake ndiye aonaye ndani. Tunamheshimu mzee huyo, na maneno yake yana uzito. Bila alama za nje hatuwezi kuishi. Mama hununua nyanya kwa kuzitazama, hazipasui kwanza.

Lakini tukizipima siku zile kwa haki, hatuwezi kusema kwamba tulikuwa hatujui. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuambiwa, na kuna kutojua kwa mtu aliyeambiwa. Sisi tuliambiwa. Mtoto alisema maneno mawili, pumzi inaisha, na hayo mawili yalikuwa ugonjwa wake wote, umeelezwa vizuri kama daktari angeueleza. Hatukukosa kuuliza, maana tulimuuliza akajibu. Tulikosa kwa kulichukua neno lake na kulijaza maana yetu wenyewe. Pumzi ilipotoka kinywani mwake ilikuwa kitu cha kutisha, kifua kinachofungwa kama mlango. Ilipofika masikioni mwetu ikawa ile ya mtu aliyepanda kilima akahema. Neno ni moja, kombe ni moja, na waliomo ndani ni wawili wasiojuana.

Hili ndilo lililotutia hofu kuliko fimbo yenyewe. Tumezoea kusema kwamba dawa ya kuhukumiana vibaya ni kuulizana. Ni dawa nzuri, lakini haitoshi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hana neno jingine la kutumia ila yale aliyopewa na watu wazima, na watu wazima wamekwisha kuyajaza. Angewezaje kutuambia kwamba pumzi yake si kama yetu, naye hajapata kupumua kwa kifua cha mtu mwingine? Yeye mwenyewe huenda alidhani kila mtu huumia vile na ya kuwa wenziwe ni hodari kumzidi. Basi mzigo haukuwa wake. Ulikuwa wetu sisi tuliosoma, tuliopelekwa chuo cha ualimu tukafundishwa saikolojia ya mtoto kwa gharama ya wakulima wa nchi hii.

Wasomaji wanakumbuka habari ya Isaka alipokuwa mzee na macho yake hayaoni. Sauti iliyosema naye aliitambua kuwa ni ya Yakobo. Akapapasa mikono, akakuta manyoya, akaiamini mikono akaiacha sauti. Kweli pale palikuwa na hila, na kwa mtoto wetu hapakuwa na hila yo yote, kwa hiyo mifano hii hailingani. Tumeikumbuka kwa sababu ya Isaka tu. Sikio lake lilikwisha kumwambia.

Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hatukumpeleka. Dawa ya kufungua kifua ilikuwako duniani, lakini kama ilikuwako pale zahanati siku zile hatuwezi hata kulijadili, maana hakuna aliyekwenda kuuliza. Mtoto alipofika darasa la sita baba yake alimrudisha Mlimba kwa bibi yake. Tuliambiwa ni kwa sababu shule imemshinda. Tulikubali. Kitabu cha mahudhurio kilipigwa mstari juu ya jina lake, na mstari huo pia ni kazi ya mkono huu.

Tangu tuliporudi kutoka pwani tumejikuta tukiwatazama watu kanisani kwa namna nyingine, na hili si jambo la kujisifu, kwa kuwa linachosha. Yuko mama ambaye kwa miaka mingi hukaa karibu na mlango na hutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Tulikuwa tumekwisha kumweka katika fungu lake, fungu la walio vuguvugu. Yuko kijana asiyepiga magoti. Sasa hatujui. Pengine mama yule ana haraka tu, na pengine kijana ana kiburi kweli, maana kiburi kipo. Kutojua huku hakupendezi. Ilikuwa rahisi zaidi zamani, kila mtu alipokuwa na jina lake.

Tumebakiza kueleza jinsi tulivyokuja kujua. Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2021, miaka miwili kabla ya ile safari ya pwani. Tulikuwa stendi ya Makambako tukingoja gari la kurudi Njombe, kilometa kama sitini, na upepo wa mji ule, ambao hauhitaji kuelezwa kwa msomaji wa hapa, ulikuwa ukipeperusha vumbi na karatasi. Mtu mzima mmoja, ndevu zina mvi, alitujia akainamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu." Tukaitika marahaba bila kumjua. Akataja jina lake, na jina la baba yake, na reli.

Tuliongea habari za nyumbani. Ana watoto wanne, anafanya biashara ya mchele kati ya Mlimba na Makambako. Katikati ya maneno alinyamaza, akageuka pembeni, akainama, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda. Tuliijua namna ile ya kuinama kabla hatujajua tunaijulia wapi. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuvuta, akakitikisa, akavuta mara mbili, akangoja. Kisha akasimama, akatabasamu.

"Ni pumu, mwalimu. Ninayo tangu utoto. Huku kwenu baridi huiamsha."

Tukasema pole. Gari la Njombe lilikuwa limekwisha kupiga honi, na utingo alikuwa ameshika begi letu. Yeye akatusindikiza mpaka mlangoni, akatushika mkono tupande, na tulipokwisha kukaa akasogea dirishani.

"Mwalimu," akauliza, "bado mnakimbia mchakamchaka pale shuleni?"

Tukamjibu kwamba tumestaafu.